Daftari la Rehema

Nilipostaafu mwaka 2009 sikuondoka ofisini na vitu vingi. Walimu wenzangu walinipa saa ya ukutani, wazazi wakanipa mbuzi wawili, na mimi mwenyewe nikachukua, kutoka katika kabati la vitu walivyonyang'anywa wanafunzi, daftari moja la kurasa 48 ambalo mwenyewe hakurudi kulidai. Redio ndogo, vioo, vipodozi na barua za wavulana niliviacha. Daftari hilo nilishindwa kuliacha. Jalada lake limeandikwa Jiografia, Kidato cha Tatu, lakini ukilifungua kutoka nyuma unakuta mapishi. Pilau. Maandazi ya nazi. Samaki wa kupaka. Namna ya kuoka keki kwa makaa juu na chini. Kurasa 11, kwa mwandiko mzuri uliolala kidogo kulia, wa msichana ambaye katika miezi ileile aliyokuwa akiyaandika hayo alikuwa karibu haweki kitu kinywani.

Nitamwita Rehema. Si jina lake.

Mimi ni mwalimu, si daktari. Nilisoma Chuo cha Ualimu kwa miaka miwili nikamaliza mwaka 1971, nikafundisha shule za msingi na sekondari, na mwaka 1984 nikapewa shule ya wasichana ya bweni katika mkoa mmoja wa joto. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto, namna ya kutengeneza zana kwa maboksi na vizibo vya soda, na tulifundishwa utapiamlo. Tulijua kumtambua mtoto mwenye unyafuzi kwa nywele zake na miguu yake iliyovimba. Njaa ya kukosa chakula tuliijua vizuri, na wengine wetu tulikuwa tumeionja. Njaa ya mtu aliyekaa mbele ya sahani iliyojaa hakuna aliyetuambia kwamba ipo.

Mwaka 1988, Kwaresima ilipoanza, Rehema alikuwa na miaka 16 na alikuwa kiranja wa bweni. Alikuja kuniomba ruhusa afunge. Nikampa. Wasichana wengi walifunga, lakini yeye alikuwa akigawa sahani yake kwa wadogo, kisha anabaki bwalo kusaidia kuosha masufuria. Asubuhi, kabla ya kengele, alikuwa akizunguka uwanja mbio mara tano, mara kumi. Bweni lake liling'aa. Siku moja mstarini nilimwita mbele ya wanafunzi wote nikasema, "Mtazameni huyu. Huyu anautawala mwili wake. Ninyi mnatawaliwa na matumbo yenu." Wakampigia makofi. Maneno hayo nayakumbuka kwa sababu niliyapenda, na niliyarudia nyumbani jioni kwa mke wangu.

Pasaka ilikuwa tarehe 3 Aprili. Wenzake wakarudi kula. Yeye hakurudi.

Kufikia Mei alikuwa akivaa sweta saa sita mchana. Mikono yake ilikuwa imeota malaika laini kama ya mtoto mchanga. Msomaji wa leo huenda asielewe mara moja kilichopita vichwani mwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wamegunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1988 kukonda peke yake kulikuwa hukumu. Wasichana waliacha kuchota maji kwa kikombe chake. Kisha matroni akaja ofisini, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Mkuu, yule binti haji tena kuchukua pamba. Huu ni mwezi wa tatu."

Basi nikaona nimeelewa yote. Ukondefu, kichefuchefu cha chakula, uchovu, kuvaa sweta ili kuficha tumbo, siku zake kukoma, na lile daftari ambalo mwalimu wa zamu alikuwa amelikamata lililojaa mapishi, ambayo mimi niliyasoma kama hamu za mjamzito. Kila dalili ilikaa mahali pake. Nikaagiza apelekwe zahanati akapapaswe tumbo na kupimwa mkojo, kama ilivyokuwa desturi. Sheria za siku hizo zilikuwa wazi: mwenye mimba anafukuzwa. (Mlango huo haukufunguliwa mpaka Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni.) Muuguzi akarudisha karatasi. Hana mimba.

Ningeona aibu, lakini niliona hasira. Kama si mimba, basi ni ujeuri. Nikaamuru akae meza ya walimu na asinyanyuke mpaka amalize sahani. Alikuwa akiingiza matonge ya ugali kwenye mikono ya lile sweta. Mwezi Julai alianguka mstarini, palepale nilipomsimamisha asifiwe, na mapigo yake ya moyo yalikuwa ya polepole hata matroni akadhani anakata roho. Baba yake akaja na basi la usiku. Walipoondoka niliandika kwenye faili: "Ameacha shule kwa ugonjwa usiojulikana." Nikalirudisha faili kabatini.

Miaka 34 baadaye, mwezi Agosti 2022, mwanamke mmoja alipiga hodi nyumbani kwangu, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu kuanzia kiwiko.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nisamehe, macho yangu sasa…"

Akataja jina lake. Alikuwa amekuja mjini kwetu kwa ajili ya msiba wa jirani, akasikia kwamba niko hai. Tulikaa barazani muda mrefu. Aliniambia kwamba shangazi yake ndiye aliyemwokoa. Shangazi huyo hakusoma, na hakumlazimisha kumaliza sahani. Alikuwa akimpa uji kijiko kwa kijiko mara sita kwa siku, akikaa naye, akizungumza mambo mengine. Ilichukua mwaka mzima kabla ya kula bila woga, na zaidi ya mwaka na nusu kabla ya siku zake kurudi. Aliolewa, akazaa watoto wawili, akawa fundi cherehani. Sasa ameteleza uani, akaangukia mkono, mfupa ukavunjika. Daktari aliyemtazama alishangaa mfupa wa mtu wa miaka 50 kuvunjika hivyo. Akampima, akakuta mifupa imepungua kama ya bibi kizee, akamwuliza swali ambalo hakulitarajia: "Ulipokuwa msichana, hedhi yako iliwahi kukoma kwa muda mrefu?"

Nilimwuliza, kwa nini hakuniambia kitu wakati ule. Akatazama plasta yake. "Mwalimu, sikuwa na la kusema. Sikutaka kuwa mwembamba, wala sikuwa na kioo. Niliona tu kwamba nikiweza kukaa bila kula, nimeshinda. Na siku ile mliponipigia makofi, ndipo nilipoacha na chakula cha usiku."

Usiku huo sikulala.

Nina mjukuu, Neema, aliyekuwa akisomea lishe ya binadamu chuo kikuu huko Morogoro. Aliporudi likizo ya Desemba nilimweka chini nikamwambia anifundishe kama mimi nilivyofundisha watu: kutoka mwanzo, bila kuruka. Alicheka, lakini akakubali, na likizo nzima tukawa darasani.

Jambo la kwanza lililoniuma ni hili. Ugonjwa niliouandika kuwa haujulikani ulikuwa na jina. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London na daktari Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kivyake, walieleza habari za wasichana waliokataa kula, wanaokonda, wasiopata hedhi, na ambao hata wakiwa mifupa mitupu hawatulii, wanatembea na kufanya kazi kutwa. Gull aliuita anoreksia nevosa. Ni miaka 115 kabla ya mstari wangu wa asubuhi. Hata lile la kufunga kwa ajili ya ushindi wa roho si geni. Mwaka 2004 Daniel Bennett na wenzake walichapa uchunguzi walioufanya katika shule za sekondari za wasichana nchini Ghana. Kati ya wanafunzi 668 walikuta 10 ambao wembamba wao ulitokana na kujinyima tu, na wote 10 waliutukuza mfungo wao kwa maneno ya dini na ya kujitawala, bila ile hofu ya unene inayotajwa sana Ulaya na Marekani. Niliposoma hayo niliona kama wamekaa bwalo letu.

Jambo la pili ni homoni, na hapa mjukuu wangu alikuwa mkali. "Babu," alisema, "wewe unauliza kwa nini hakula. Uliza kwanza mwili ulifanya nini baada ya kukosa."

Mafuta ya mwilini, ambayo mimi niliyadhani kuwa akiba tu kama gunia la mahindi darini, kumbe huzungumza. Yanatoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Leptini inaupasha ubongo habari za ghala. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaelewa kwamba nchi imeingia njaa. Haipothalamasi hupunguza ishara inazoipelekea tezi ya pituitari. Pituitari nayo huacha kuziamuru ovari. Ovari hupunguza estrojeni, na hedhi hukoma. Si ugonjwa wa tumbo la uzazi, wala si dhambi. Ni mwili unaoahirisha uzazi kwa kuwa hauna cha kumlishia mtoto. Tezi ya koo hupunguza moto, ndiyo maana ya sweta la saa sita mchana na mapigo ya moyo ya polepole. Kotisoli, homoni ya mashaka, hupanda. Na estrojeni ikishuka huku kotisoli imepanda, mifupa hudhoofika. Miaka ya ujana ndiyo miaka ambayo mifupa hujiwekea akiba ya maisha yote, kwa hiyo anayeipoteza hapo huenda asiirudishe yote. Plasta ya mwaka 2022 ilianza kufungwa mwaka 1988, mbele ya macho yangu.

Nilimwuliza Neema, "Na njaa je? Haisikii njaa?" Akasema tumbo la mgonjwa linalia kuliko letu. Ipo homoni nyingine, grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, ambayo hutoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Kwa wenye anoreksia iko juu, si chini. Basi mtu huyo anaitwa mezani usiku na mchana na haendi. Hilo ndilo fumbo la ugonjwa wenyewe, na wataalamu hawajalimaliza.

Kuhusu zile mbio za alfajiri, nilionyeshwa jambo lililonitoa jasho. Panya wakipewa chakula kwa muda mfupi tu kila siku, na wakawekewa gurudumu la kukimbilia, hawapumziki ili kuhifadhi nguvu. Hukimbia zaidi, wakakonda, na wasipoondolewa gurudumu wengine hukimbia mpaka wakafa. Njaa yenyewe huwasha miguu. Mimi niliita bidii.

Na mapishi? Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioshinda na njaa. Vijana 36, waliokataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri, walijitolea. Kwa karibu miezi sita ya mwaka 1945 walilishwa karibu nusu ya walichozoea, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa wanaume wazima, wenye akili timamu, waliochaguliwa kwa afya zao. Wakawa wanaota chakula. Wakawa wakali, wapweke, wanaona baridi wakati wengine wanaona joto, wanaramba sahani. Na baadhi yao wakaanza kukusanya na kusoma vitabu vya mapishi, watu ambao hawakuwahi kujali jikoni. Neema aliponisomea hayo, niliinuka nikaenda chumbani, nikafungua sanduku la bati, nikaleta daftari la Jiografia nikaliweka mezani. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno.

Sasa nafika mahali pagumu, na ninamwomba msomaji avumilie, kwa maana mimi mwenyewe nililisoma mara tatu.

Vinasaba vina sehemu yake. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa watu karibu 17,000 waliougua anoreksia, na katika urithi wao zilionekana sehemu nane zinazohusiana na ugonjwa huo. Nyingine katika hizo zina uhusiano na namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, si mambo ya akili peke yake. Huko Marekani pia, Kelly Klump na wenzake wamechunguza mapacha wa kike, wakaona kwamba kabla ya kubalehe urithi hauelezi sana tabia mbaya za ulaji, bali baada ya kubalehe unaeleza karibu nusu ya tofauti zilizopo, kana kwamba homoni za usichana ndizo zinazofungua ukurasa uliokuwa umefungwa. Lakini urithi hautoshi kueleza kwa nini mtu akishaanza hukwama. Wenzake Rehema walifunga siku zilezile 40. Kwa nini wao walirudi?

Neema alitafuta mfano, akakosa. Nikampa mimi, kwa maana niliyaishi. Miaka yetu vitabu vya kiada vilikuwa haba. Kitabu kimoja kilipita mikononi mwa walimu watano. Kila mwalimu alikuwa na penseli. Pembeni mwa aya moja aliandika "rukeni," pembeni mwa nyingine "someni mara mbili." Maandishi ya kitabu hayakubadilika hata herufi. Lakini darasa lililofuata lilisoma kitabu kingine kabisa, kwa sababu ya penseli.

"Hapo Babu umepata," akasema. Mwili ni hivyo. Chembe ya ini na chembe ya jicho zina kitabu kilekile cha vinasaba, ila zimewekewa alama tofauti za lipi lisomwe na lipi lirukwe. Elimu ya alama hizo huitwa epijenetiki, jina lililotolewa na Conrad Waddington wa Uingereza mwaka 1942. Mojawapo ya alama hizo ni kikundi cha methili, kitu kidogo mno, atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, kinachobandikwa juu ya DNA. Mara nyingi kikibandikwa mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza au hupunguza sauti. Na vikundi hivyo mwili huvipata kwa sehemu kutoka katika chakula, kama vile folati ya mboga za majani. Kwa hiyo njaa ina njia ya kushika penseli.

Kwamba penseli hiyo hudumu, ushahidi unaosemwa sana ni wa Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wajerumani waliwazuilia watu wa magharibi ya nchi hiyo chakula. Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans na wenzake walipima damu ya watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa ile, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja. Miaka 60 ilikuwa imepita. Jeni moja inayohusika na ukuaji, iitwayo IGF2, ilikuwa na alama pungufu kwa wale wa njaa.

Na kwa wanawake wenyewe wanaougua ugonjwa huu, kazi imefanywa huko Montreal, Kanada, na Howard Steiger, Linda Booij na wenzao. Walichukua damu ya wanawake wanaougua anoreksia, ya waliopona, na ya wasiougua kamwe, wakasoma alama za methili katika sehemu nyingi za kitabu. Walikuta tofauti katika jeni zinazohusika na mafuta, na kinga ya mwili, na kazi za ubongo. Kisha wakaona mambo mawili ambayo niliyapigia mstari. La kwanza: kadiri mwanamke alivyougua muda mrefu, ndivyo alama zake zilivyozidi kupotoka. La pili: kwa waliopona kwa muda, alama zilielekea kurudi zikafanana na za wasiougua. Ni penseli, basi, si wino. Wenyewe husema kwa uangalifu kwamba walisoma damu, kwa kuwa ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande, na kwamba alama hizo huenda zikawa nyayo za ugonjwa kuliko chanzo chake. Mimi nawaheshimu kwa uangalifu huo. Mkuu wa shule ningekuwa na robo yake ningefanya mengine.

Nilihesabu. Kutoka Pasaka mpaka Julai, aliponiangukia, ni zaidi ya miezi mitatu. Kutoka siku matroni alipofunga mlango wa ofisi ni wiki saba. Katika wiki hizo saba nilitafuta mwanamume, kisha nikatafuta ujeuri. Kila siku niliyotafuta, kuna kitu mwilini mwa mtoto wa watu kilikuwa kikiandikwa, rukeni hapa, rukeni hapa, rukeni. Sijitetei kwa kusema leptini ilikuwa haijagunduliwa. Shangazi yake hakuijua leptini, wala hakulisikia jina la Gull, na alijua cha kufanya.

Neema hakuipenda hesabu hiyo. Alisema, "Babu, hujui kama angepona haraka zaidi. Wengine hutibiwa na wataalamu na bado huchukua miaka." Ni kweli. Pia alinionya nisiandike kama kwamba mapenzi na uji vinatosha, kwa maana mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafla, madini ya damu, hasa fosfeti, hushuka na moyo unaweza kusimama. Vijiko vya shangazi vilikuwa vidogo kwa bahati, au kwa hekima ya watu waliowahi kuwauguza walionusurika na njaa. Leo mgonjwa wa aina hiyo apelekwe hospitali kwanza. Nimeandika kama alivyoniagiza.

Aliniambia jambo moja zaidi, dogo. Katika kitabu kikubwa cha Wamarekani kinachoorodhesha magonjwa ya akili, kukoma kwa hedhi kulikuwa sharti la kumtambua mwanamke mwenye anoreksia mpaka mwaka 2013, walipoliondoa. Kumbe kwa wagonjwa wengine hedhi haikomi, na kuna wanaume, na wasichana wadogo. Nikafikiri: ingekuwa Rehema ni mmoja wa hao ambao hedhi haikomi, matroni asingekuja kabisa. Na kwa kuwa alikuja, tazama tulifanya nini na habari aliyoleta.

Nilimpigia simu Rehema baada ya Mwaka Mpya, nikamwambia nina kitu chake. Hakukumbuka. Akasema atakuja siku akipata nafasi, na nafasi ikapatikana Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 2023. Plasta ilikuwa imetolewa, na mkono ulikuwa mwembamba kidogo kuliko mwenzake. Siku hizo anameza vidonge vya kalsiamu, na ana miadi kliniki ya mifupa.

Mke wangu alikuwa amepika wali wa nazi na kuku. Nilikuwa nimejiapiza kutoitazama sahani yake, na nilijitahidi. Nilitazama mlima, nilitazama kuku wa jirani, nilizungumza habari za mvua. Nadhani aliona. Walipokwisha kunawa nilimwomba msamaha, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Desemba, na nusu ya hayo nikayasahau. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia Mwalimu." Hakuongeza neno, wala sikumdai.

Kisha nikampa daftari.

Alivaa miwani, akalitazama jalada, akaligeuza, akafungua kutoka nyuma kama vile mkono ulikuwa ukikumbuka wenyewe. Alisoma ukurasa wa kwanza polepole, midomo ikitembea. Ghafla akaanza kucheka, akamwita mke wangu kutoka jikoni.

"Mama, hebu njoo usikie. Pilau ya kilo moja ya mchele, eti vijiko vikubwa vinane vya bizari nyembamba! Nani angeila hii?"

"Labda wewe," mke wangu akajibu.

"Mimi? Mimi wakati ule sikuionja hata moja katika hizi. Nilikuwa nakisia."

Akaniomba kalamu. Akaikata ile 8, akaandika juu yake 2, akapuliza wino ukauke, akalitia daftari mkobani.